Shemeji anasema mke wake si mke wake: ni imani tu au ugonjwa?

SWALI: Nauza dagaa Kirumba, Mwanza. Shemeji yangu, mvuvi wa Igombe, anashikilia kwamba dada yangu kachukuliwa na nyumbani kawekwa mwanamke mwingine anayefanana naye. Tukimwonyesha kovu la mkononi anajibu, "Hata kovu wamelitengeneza." Wazee wanasema karogwa. Nesi anasema ni ugonjwa kwa sababu anaamini uongo. Lakini na sisi tunaamini mengi tusiyoweza kuyathibitisha. Mpaka uko wapi?

JIBU: Nesi kapatia, ila sababu yake haitoshi. Karl Jaspers, daktari wa akili wa Ujerumani aliyegeukia falsafa, alitoa mfano wa mume mwenye wivu wa kigonjwa: hata ikibainika kweli mkewe ana hawara, wivu ule unabaki kuwa ugonjwa, maana hakuufikia kwa ushahidi.

Tunachotazama ni jinsi imani inavyoshikwa. Wazee wenu mganga wa kwanza akishindwa watatafuta mwingine, na bado watakubali mgonjwa apimwe malaria. Imani yao inapindika. Ya shemeji haipindiki: kovu lipo, limetengenezwa, lisingekuwepo, angesema "si mnaona?" Tena yuko peke yake, kwani hata hao wanaoamini uchawi hawamwamini. (Wingi wa watu nao si kipimo kamili. Kanda yetu ya Ziwa vikongwe wameuawa kwa macho mekundu ya moshi wa jikoni, na waliowaua hawakuwa wagonjwa.)

Msidhani hawezi kufikiri. John Locke, aliyesomea pia udaktari, aliandika karne ya 17 kwamba mwenye wazimu hukosea pale anapoanzia, kisha hujenga hoja sawasawa. Mwaka 1923 Joseph Capgras na mwenzake walieleza habari za mwanamke wa Ufaransa aliyedai jamaa zake wamebadilishwa, na hali hiyo ikapewa jina la Capgras. Maelezo yenye nguvu leo ni kwamba ubongo unaitambua sura, lakini ile hisia ya "huyu ni wangu" haiji. Ukimtazama mkeo na mwili usiitikie chochote, wazo kwamba kabadilishwa si la ajabu sana. Ila wapo wanaokosa hisia hiyo na wazo hilo hawalishiki, kwa hiyo lazima kuna hitilafu ya pili, pale akili inapopima wazo kabla ya kulikubali.

Msibishane naye. Mpelekeni hospitali, Bugando au Sekou Toure, mkaeleze kama aliwahi kuumia kichwa, kupata homa kali au kunywa sana. Akianza vitisho, dada ahamie kwa ndugu mara moja. Wapo wenye hali hii waliowadhuru hao wanaowaita wageni.

Marekani kuna mgonjwa aliyewakana wazazi wake ana kwa ana, lakini kwenye simu akawatambua. Siku shemeji akiwa ametulia mwaloni, dada ampigie amsalimie tu. Akimwitikia kama mkewe, mwambieni daktari na hilo.