Simu janja ya kwanza: kabla ya kuchagua iPhone au Android, tazama majirani

Mama mdogo alinipigia kwa kitochi chake kutoka Muheza. Nikamwamkia, akaitikia, na bila kuniuliza habari za watoto akaingia kwenye shida yake.

"Mwanangu, kikoba chetu kimehamia WhatsApp. Kila Jumamosi nasimuliwa yaliyosemwa kama mgeni. Ninunue simu gani?"

Nikaanza kumtajia majina kwa ile haraka ya mtu anayejiona anajua. Akanikata.

"Hayo majina siyajui. Niambie ipi haitanisumbua."

Nilinyamaza kidogo, kwa sababu simu yangu ya kwanza ilinisumbua, na kosa kubwa lilikuwa langu. Ilikuwa mwaka 2021. Nilikuwa natumia kitochi, nina laki tano mfukoni, na kazini wenzangu watatu walikuwa na iPhone. Nikapanda daladala hadi Kariakoo, mtaa wa Aggrey, nikanunua iPhone 7 ya mtumba yenye GB 32. Ukaguzi wangu wote ulikuwa kutazama kama mgongo una michubuko na kupiga picha moja ya mlango wa duka. Nikalipa.

Nyumbani ndipo nilipoanza kuijua. Ina tundu moja la laini, nami nina laini mbili: moja ya pesa, nyingine ya bando. Kitochi kikarudi mfukoni. Memori kadi haina pa kuingia, kwa hiyo GB 32 zilipojaa picha na video za magrupu nikawa nafuta kila Jumapili kama mtu anayepalilia. Na waya wake wa chaji ni wa aina yake. Nyumba niliyopanga ilikuwa na vyumba sita, na hakuna hata kimoja kilichokuwa na waya ule. Umeme ukikatika, jirani mwenye pawabenki alinionea huruma tu. Halafu Septemba 2022 likatoka toleo jipya la mfumo, iOS 16, na iPhone 7 haikuwamo. Mimi niliiona simu mpya kwa sababu kwangu ilikuwa mpya, kumbe aina hiyo iliingia sokoni tangu 2016.

Hayo yote hakuna aliyenificha. Sikuuliza. Nililofichwa ni betri: muuzaji alinionyesha kwenye mipangilio kwamba afya yake ni asilimia 100, nikafurahi, na saa sita mchana simu ikawa imezima. Fundi alipoifungua akacheka. Betri ilikuwa imebadilishwa kwa ya bei rahisi. Simu ya mtumba ya miaka mitano yenye asilimia 100 haikupaswa kunifurahisha. Ilipaswa kunitia wasiwasi.

Ndiyo maana siku hizi mtu akiniuliza iPhone au Android (mfumo wa Google unaotumiwa na kampuni nyingi za simu), namuuliza yeye kwanza: watu watano unaoonana nao kila siku wanatumia nini? Ubishi wa kamera na kasi ni wa watu wanaonunua simu ya tatu. Simu ya kwanza hufundishwi na kijitabu kilichomo kwenye boksi. Unafundishwa na binti yako, na mwenzako wa dukani, na kondakta uliyekaa naye kituoni. Ukikwama saa mbili usiku huwezi kutuma picha, utamwendea mtu, na akiwa na simu ya mfumo mwingine ataishika, ataigeuzageuza, atakurudishia.

Kwa mama mdogo jibu lilikuwa limeshapatikana kabla hatujafika kwenye bei. Binti yake ana Infinix. Mweka hazina wa kikoba ana Tecno. Fundi wa pale sokoni ametundika ukutani vioo vya Tecno, itel na Samsung za bei ya kati. Zote hizo ni Android. Nilimwambia amuulize yule fundi kama anatengeneza iPhone. Akasema anaweza, ila kioo itabidi kiagizwe Dar. Kioo cha simu ya kwanza kitapasuka, mimi sijaona ambacho hakikupasuka, kwa hiyo jibu la fundi wa mtaani lina uzito kuliko tangazo lolote.

Jambo la lugha nalo watu wa mjini tunalidharau. Android inakubali Kiswahili chote: Mipangilio, Betri, Hifadhi, hadi ujumbe wa onyo. Kwenye iPhone yangu niliitafuta lugha hiyo kwenye menyu nisiione. Mimi ilinipita tu, lakini mama anayesoma Kiswahili peke yake akiletewa onyo kwa Kiingereza atabonyeza popote palipo na rangi, na huko ndiko vitu vinakofutika.

Kuhusu pesa, muuzaji asikutishe. M-Pesa ya Vodacom unaipata kwa *150*00# kwenye simu yoyote, kitochi kikiwamo, na mitandao mingine vivyo hivyo kwa namba zao. Programu za pesa ni za kurahisisha. Usiongeze laki mbili kwa ajili hiyo.

Msinielewe vibaya, simpigii debe mtu. Mdogo wangu wa mwisho anapiga picha za harusi hapa Dar, na yeye nilimwambia achukue iPhone. Wenzake wote wa kazi wanazo, wanarushiana mafaili mazito kwa AirDrop bila kugusa bando, na AirDrop imetengenezwa kwa ajili ya vifaa vya Apple, yaani kampuni ya iPhone. Kisha yeye hukaa na simu miaka miwili akaiuza, na iPhone mtumba hupata mnunuzi upesi. Ukiwa na watu wa namna hiyo, kununua Android ni kujitenga.

Sasa umri wa simu, jambo nililojifunza kwa kuumia. Kila simu ina miaka yake ya kupokea apdeti, na hesabu huanza aina hiyo ilipoingia sokoni mara ya kwanza, si siku uliyoitoa dukani. iPhone XR ya 2018 ilipokea matoleo hadi iOS 18, na mwaka 2025 ikaachwa nje ya iOS 26. Kwa Android inategemea mtengenezaji na bei. Google kuanzia Pixel 8 na Samsung kuanzia Galaxy S24 wameahidi miaka saba, lakini hizo ni simu za wenye nazo. Za laki mbili hupewa miaka michache, kwa hiyo ni afadhali mpya ya kawaida kuliko kongwe yenye jina. Hili si la kinadharia. Tangu Mei 5, 2025, WhatsApp inataka iOS 15.1 au zaidi, na iPhone 5s, 6 na 6 Plus haziwezi kufika huko. Ukiziona zinauzwa kwa bei ya kutupa, ujue unauziwa kioo cha kujitazamia. Ukiuziwa Huawei, nayo uliza mwaka: za baada ya vikwazo vya Marekani vya 2019 hutoka bila huduma za Google, na kwa mgeni wa simu janja hiyo ni safari ndefu.

Mfumo wa tatu? Baba mkubwa alikuwa na simu ya Windows, nzuri kweli, inang'aa. Desemba 31, 2019 WhatsApp ikaacha kuihudumia na simu ikawa saa ya ukutani. Zile simu za vitufe za KaiOS nazo WhatsApp imeshaziacha, na bado ukizunguka utakutana na muuzaji atakayekuambia zinakubali.

Mama mdogo alikuwa na laki mbili na nusu. Tulienda pamoja. Dukani kijana akatuonyesha boksi limeandikwa GB 8 kwa herufi kubwa. Chini yake, kwa herufi za mchwa: 4+4. Maana yake RAM halisi, ile kumbukumbu simu inayofanyia kazi, ni 4. Hizo 4 nyingine simu inazikopa kwenye hifadhi yake yenyewe, na haziendi kasi ile ile. Kijana nilipomwuliza akatabasamu, akashusha bei kidogo. Tukachukua hiyo hiyo, ina GB 64 za hifadhi, tundu mbili za laini, na pa kuweka memori kadi.

Kabla ya kulipa tukabonyeza *#06#, tukalinganisha IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, na ya kwenye boksi, tukaituma kwa SMS kwenda 15090. Tangu Juni 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, huzima simu zenye IMEI bandia, kwa hiyo hatua hiyo ni ya dakika moja na inaokoa pesa yote. Tukaweka laini zake mwenyewe, tukapiga, tukapigiwa.

Ya mtumba ina mengi zaidi. Mwambie muuzaji aifute yote mbele yako na kuiwasha upya. Ikikuomba akaunti ya mtu mwingine, iPhone au Android, mrudishie na uondoke, hata akuapie kwamba mwenyewe yuko njiani anakuja. Chungulia kama kuna kikaratasi chembamba kimebandikwa kwenye laini. Hicho ni cha kudanganya simu iliyofungwa kwa mtandao wa nje, na ipo siku kitagoma. Na iPhone 14 kwenda mbele zilizouzwa Marekani hazina tundu la laini kabisa, ni eSIM tu, laini ya ndani ya simu isiyochomekwa. Nimeshamwona mtu akiizungusha simu yake dukani kutafuta mahali pa kuchomeka pini.

Kisha kuna hili ambalo naona linawapata wengi kuliko yote. Ukishalipa, kijana wa dukani kwa wema wake anakufungulia akaunti ya Google. Anabuni jina, anabuni pasiwedi, anaingiza, simu inawaka, unashukuru, unakwenda. Miezi sita baadaye unasahau alama ya kufungulia, fundi anaifuta simu, nayo inaanza kukuuliza pasiwedi ya akaunti ambayo hukuwahi kuijua. Simu ni yako, una risiti, na imekugomea. Picha na namba za watu zilizohifadhiwa kwenye ile akaunti nazo zimebaki huko. Kwa hiyo akaunti ifungue wewe, hata ikichukua nusu saa watu wakiwa nyuma yako kwenye foleni. Weka namba yako ya simu ya kurejeshea. Andika pasiwedi kwenye karatasi.

Mama mdogo alitoa daftari la kikoba akataka kuiandika humo. Nikamwambia daftari hilo wanalishika wanachama wote. Akafikiri, akaomba kipande cha risiti, akaandika nyuma yake kwa herufi kubwa, akakikunja mara nne na kukifunga kwenye pembe ya khanga. Alipofika Muheza alinitumia ujumbe wa sauti, wa kwanza maishani mwake, dakika tatu nzima, nusu yake ni kelele za kuku. Kile kikaratasi amekiweka kabatini, pamoja na hati ya shamba.