Shangazi, nimeacha mumi na bado sijui kama nimeokoka

*Shangazi, nauza samaki Dunga na ninaishi Nyalenda. Mwaka jana nilihamia kanisa dogo la mtaani. Tunafundishwa kwamba aliyeokoka hali mumi, yaani kambare, kwa kuwa hana magamba, hasuki nywele, wala hali meza moja na wasiookoka. Nauza kama 4,000 kwa siku, faida ni 600, na mchungaji anataka 400 za fungu la kumi. Nina deni la miezi minane na anasema jina langu limefutwa mpaka nilipe. Kila usiku naandika dhambi zangu kwenye daftari nisisahau kutubu. Mwezi uliopita nilikataa chakula cha mama mkwe, ambaye ni Mkatoliki, kwa sababu kulikuwa na mumi chunguni. Alinyamaza tu. Nikifunga daftari najiona mchafu kuliko nilipolifungua. Je, nimeokoka? – Mwenye Daftari, Kisumu*

Mwanangu,

Wewe ni mfanyabiashara, basi tuanzie kwenye hesabu. Paulo anaposema katika Warumi 4 kwamba imani "huhesabiwa" kuwa haki, neno hilo ni la watu wa vitabu vya fedha: kumwandikia mtu kitu upande wake. Aya ya 4 na ya 5 zinatenganisha malipo ya aina mbili. Kijana anayekuparia samaki akimaliza, hela unayompa si zawadi, ni haki yake. Lakini mtu ambaye hakugusa kisu akaandikiwa kiasi kile kile, huyo amepewa bure. Haki mbele za Mungu, asema Paulo, huandikwa kwa njia ya pili, na anayeandikiwa ni "asiyekuwa mtauwa", yaani asiyemcha Mungu. Hakusema aliyekwisha kunyooka. Daftari lako haliwezi kukupa amani kwa sababu lina upande wa madeni tu. Kristo hayumo hata kwenye ukurasa mmoja.

Mtazame Ibrahimu. Mwanzo 15:6 inasema alimwamini Bwana naye akahesabiwa haki. Tohara inakuja sura ya 17. Ishmaeli alizaliwa Ibrahimu akiwa na miaka 86, na Ibrahimu alitahiriwa akiwa na 99, kwa hiyo alikuwa ameshaandikiwa haki kwa zaidi ya miaka 13 kabla ya kisu. Torati nayo, kwa hesabu ya Wagalatia 3:17, ilifika miaka 430 baada ya ahadi. Hoja ya Paulo imesimama juu ya mfuatano huo: kilichokuja baadaye hakiwezi kuwa bei ya kilichotolewa mwanzo.

Sasa kile chungu cha mama mkwe. Hilo ndilo lililonisumbua zaidi katika barua yako, kwa maana lilishatokea Antiokia. Petro alikuwa akila na Wakristo wasio Wayahudi. Walipofika watu kutoka kwa Yakobo, kiongozi wa kanisa la Yerusalemu, akaanza kujitenga, na hata Barnaba akavutwa. Paulo alimpinga Petro uso kwa uso mbele ya wote, soma Wagalatia 2:11-14. Unaweza kuona ni makali mno kwa ugomvi wa sahani, lakini Paulo aliona kilichokuwa chini ya sahani: kuondoka mezani ni kumwambia mwenzako kwamba Kristo hakumtosha. Ndiyo maana aya ya 16, kwamba mtu hahesabiwi haki kwa matendo ya sheria, inafuata papo hapo. Fundisho hili kubwa lilizaliwa mezani, mwanangu.

Mumi kweli amekatazwa katika Walawi 11, pamoja na kila cha majini kisicho na mapezi na magamba. Lakini Walawi 19:19 inakataza pia nguo iliyofumwa kwa nyuzi za namna mbili, na hapo nusu ya mitumba ya soko la Kibuye imeshakatazwa. Wagalatia 5:3 inasema anayetahiriwa ili ahesabiwe haki anadaiwa sheria yote. Huwezi kuokota vipande vitatu na kuviita wokovu. Marko 7:19 inaeleza kwamba Yesu alivitakasa vyakula vyote. Hata hivyo, kama dhamiri yako bado inakuchoma, usile kwanza. Warumi 14:23 inakulinda hapo. Na jirani Msabato asiyemla mumi usimdhanie vibaya, maana wengi wao huyashika hayo kama utii na afya, si kama nauli ya mbinguni. Akija kwako, mpikie ngege, mwenye magamba.

Utaniuliza kuhusu Yakobo 2:24, kwamba mtu huhesabiwa haki kwa matendo wala si kwa imani peke yake. Wengi hukwama hapo. Yakobo anamsema mtu anayemwambia mwenye njaa "nenda ukashibe" bila kumpa kitu, na anasema hata mashetani wanaamini kwa namna hiyo. Anakataa imani ya mdomo. Paulo anakataa matendo kuwa bei. Ukiwachanganya utaangukia moja ya mashimo mawili: kuishi ovyo, au kupima imani yako kila asubuhi kama imetosha. Hilo la pili ndilo hatari yako. Imani ni mkono mtupu unaopokea, na mkono unaotetemeka hupokea pia.

Leo usiku lifungue daftari mara ya mwisho. Nywele, mumi na meza, futa. Ulipomkosea Mungu, litaje kosa kwa jina na uungame, mara moja, kama 1 Yohana 1:9 inavyosema, kisha usirudie orodha. Ulipopunja mtu, mrudishie. Zakayo, mtoza ushuru, aliahidi kurudisha mara nne baada ya Yesu kusema atashinda kwake, si ili aingie.

Fungu la kumi: 400 kati ya faida ya 600 ni theluthi mbili. Kumbukumbu la Torati 14:22 inazungumzia maongeo, yaani kilichoongezeka, nawe unatozwa mpaka mtaji. 2 Wakorintho 9:7 inakataza kutoa kwa lazima. Toa unachokusudia moyoni. Deni la miezi minane halipo.

Kabla ya kuhama kanisa, muulize mchungaji swali moja kwa heshima: "Nikifa usiku huu na mumi tumboni, nitakosa nini ambacho msalaba haukunipa?" Akitaja chochote, ondoka.

Kuhusu Ukatoliki wa mama, tarehe 31 Oktoba 1999 huko Augsburg, Ujerumani, Wakatoliki na Walutheri walitia saini tamko la pamoja kwamba tunakubaliwa na Mungu kwa neema tu, kwa imani katika kazi ya Kristo, si kwa stahili yetu. Wamethodisti walijiunga 2006. Tofauti zimebaki, lakini huna ruhusa ya kumhesabu mpagani.

Nenda Jumamosi. Usipeleke mahubiri. Mwambie, "Mama, nilikukosea, nisamehe," kisha unawe mikono, uketi, umege ugali naye.