SWALI: Simu ya intaneti nyumbani inakatakata jioni, ninunue kifurushi kikubwa?

Habari za kazi fundi. Hapa nyumbani tumehamia simu ya intaneti, nimefunga ile adapta nikachomeka simu yetu ya mezani ya siku zote, na kiukweli gharama imeshuka na mchana sauti ni safi kabisa. Shida ni jioni. Mimi namsikia mtu vizuri ila yeye ananiambia nakatikakatika, halafu mara mojamoja simu inaita, nikipokea ni kimya tu. Intaneti yangu ni megabiti 30. Niongeze spidi? Na ile laini ya zamani ya waya nishaanza kufikiria kuifuta, nifute?

JIBU: Salama kabisa, na umefanya vizuri sana kutaja kwamba wewe unamsikia ila yeye hakusikii vizuri, manake hapo ndo penye jibu. Usinunue kifurushi kwanza.

Simu yenyewe inakula kidogo mno. Sauti ya kawaida kwa kodeki (njia ya kugeuza sauti kuwa data) ya G.711 ni kilobiti 64 kwa sekunde, ukijumlisha na taarifa zinazobandikwa kwenye kila paketi (kipande cha data kinachotumwa) inafika 80 na kitu kila upande, na kodeki ya Opus inaweza kushuka chini ya hapo sana na bado mtu akasikika vizuri. Kwa hiyo kwenye megabiti 30 simu moja haifiki hata asilimia 1. Ila hizo 30 karibu kila mara ni spidi ya kushusha, na sauti yako wewe inatoka kwa njia ya kupandisha, ambayo ukisoma mkataba wako vizuri unaweza kukuta ni megabiti 3 au 2 tu. Sasa jioni watu wote wamerudi, simu zao zinashika waifai na zinaanza zenyewe kupandisha picha na video za siku nzima bila mtu kubonyeza chochote, ruta nayo haizikatai, inazipanga foleni, foleni inarefuka na paketi zako za sauti zinasubiri humohumo nyuma ya hizo picha. Picha ikichelewa sekunde 2 nani atajua? Sauti haiko hivo, inatumwa vipande vya milisekunde 20, yaani paketi 50 kila sekunde, na kipande kikichelewa sana hakina kazi tena, kinatupwa, ndo hapo mtu anakuambia unakatika. ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, wanashauri sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwa upande mmoja, na foleni ya ruta iliyojaa inaweza kuvuka hapo peke yake.

Usiniamini tu, pima. Nyumba ikiwa imetulia piga ping (kipimo cha muda wa ujumbe kwenda na kurudi) kwenda seva yoyote ya nje uone namba zake, kisha anza kupandisha faili kubwa uangalie tena. Kama ilikuwa milisekunde 30 ikaruka hadi 400 au zaidi, umeshampata mchawi wako.

Dawa iko kwenye ruta, tafuta sehemu ya QoS au SQM (ndo inayopanga foleni), humo ukiona njia za kupanga zinazoitwa fq_codel au CAKE chagua mojawapo, halafu weka kikomo cha kupandisha kama asilimia 85 hadi 90 ya spidi uliyopima (uliyopima wewe, siyo ya kwenye tangazo). Unapoteza spidi kidogo ila foleni inakuwa mikononi mwa ruta yako na sauti inapita mbele. Adapta nayo ichomeke kwa kebo, usiitegemeze waifai. Kama ruta yako haina kabisa hiyo sehemu, basi hela ya kifurushi kikubwa ni bora ukanunulie ruta nyingine.

Hiyo ya kupokea kimya ni ugonjwa mwingine. Ruta nyingi zina kitu kinaitwa SIP ALG ambacho kilitakiwa kusaidia simu za aina hii, lakini kinabadilisha anwani zilizomo ndani ya ujumbe na mara nyingi kinazikosea, sauti inatumwa pasipo na mtu. Zima, washa adapta upya, jaribu. Kama una ruta mbili zimefuatana, moja iweke iwe daraja tu (bridge), yaani ipitishe data bila kufanya kazi ya ruta.

Kuhusu laini ya waya, hapa nataka uwe makini. Naelewa kabisa kwa nini watu wengi wanahamia huku, hata mimi ningemshauri ndugu yangu ahamie, bei tu ingetosha, ila kuna pia namba moja kuita nyumbani na kwenye apu mfukoni, na sauti pana ya G.722 au Opus ambayo laini ya zamani haiwezi kwa sababu ile inakata kila kitu juu ya hezi 3400 hivi. Lakini laini ya shaba inapata umeme wake kutoka kwenye kituo cha simu, taa zikizimika nyumbani unapiga tu. Yako ya sasa ikikosa umeme imekufa, ruta na adapta zote mbili, hivo nunua UPS (betri ya akiba) ndogo ya volti 12 na uhakikishe inabeba vyote viwili. Pia muulize mtoa huduma wako simu za dharura zinakwendaje, manake huenda watu wa dharura kwenye mfumo wao hawaioni nyumba yako, wanaona anwani uliyojaza siku ya kujisajili, ukihama bila kuibadilisha msaada unaenda kwa mpangaji mpya. Kama una mgonjwa au mzee anayebaki peke yake, au king'ora kinachotumia laini hiyo, mimi nisingeifuta.

Ukiamua kufuta, omba kwanza namba ihamishiwe huduma mpya, jipigie kutoka simu nyingine uone inaita kwenye adapta, ndo ufunge ile ya zamani. Ukifuta kabla namba haijahama unaweza kuipoteza moja kwa moja.