Kabla hujamimina mafuta ya taa birikani

Mtoto wa kaka yangu, anayekaa Malindi, alinipigia simu usiku. Amehamia nyumba ya kizamani yenye birika la chooni, yaani tangi la maji lililojengwa, na birika limejaa viluwiluwi vya mbu. "Shikamoo shangazi. Nina kikombe cha mafuta ya taa hapa mkononi, nimimine?" Nikamwambia, "Marahaba baba, hebu weka hicho kikombe chini kwanza."

Nilimzuia kwa sababu mimi nilishamimina. Nilikuwa bado msichana, nyumbani kwetu hapa Lamu, Langoni. Birika letu ni la mawe na chokaa, na chini kabisa marehemu bibi alikuwa amelaza bakuli la kaure sakafuni. Maji yakitolewa ili birika lisuguliwe, samaki hukimbilia humo wakabaki salama. Walikuwa samaki watatu wadogo, kazi yao kula viluwiluwi. Mwaka ule walizidiwa, nami nikaona nimsaidie bibi. Asubuhi viluwiluwi wote wamekufa, na samaki watatu wanaelea tumbo juu. Bibi hakunigombeza. Aliwaokota mmoja mmoja kwa kata, akaenda kuwafukia uani. Ile kimya yake bado naikumbuka.

Miaka mingi baadaye ndipo nilipoelewa nilichofanya, na hili ndilo ninalotaka ulijue kabla hujagusa birika lako: kiluwiluwi na samaki wanaishi maji yaleyale, lakini hawavuti pumzi mlango mmoja.

Chukua tochi, uinamie ukingoni. Utamwona kiluwiluwi ananing'inia kichwa chini, mkia juu, ncha ya mkia imegusa uso wa maji. Pale mkiani pana kijirija, na ndicho pua yake. Pitisha mkono juu ya maji, kivuli chako kitawashtua wote wazame wakijipindapinda. Subiri kidogo tu. Watarudi juu mmoja baada ya mwingine, kwa sababu pumzi yao iko kwako huku juu, haiko majini. (Ukiwaona wamelala sambamba na uso wa maji badala ya kuning'inia, hao ni wale wa mbu wa malaria. Hawana kijirija kirefu, wanavutia hewa mgongoni, karibu na mkia.) Mafuta yakitanda, kijirija hakishiki tena uso wa maji, mafuta yanaingia ndani, naye anakosa hewa.

Mbu mzima naye hana mapafu. Ana vitundu ubavuni, kama walivyo panzi na mende, na kila kitundu kinaingia kwenye mirija inayogawanyika ikawa myembamba mno hadi kufikia kila pembe ya mwili. Oksijeni inapita humo moja kwa moja, na kabonidayoksaidi inatokea humohumo. Damu yake haina kazi ya kubeba oksijeni, ndiyo maana si nyekundu. Ukimpiga mbu ukutani ukaona doa jekundu, ujue hiyo ni damu ya mtu, pengine yako mwenyewe.

Samaki ni kinyume chake. Yeye anatafuta oksijeni iliyoyeyuka ndani ya maji, na ni kidogo sana. Lita moja ya hewa tunayovuta ina mililita 210 hivi za oksijeni. Lita ya maji ya birika kwa joto letu la pwani haifiki 6. Kwa hiyo samaki hapumziki: anafungua mdomo, maji yanaingia, yanapita kwenye matamvua, ambayo ndiyo pua yake, yanatokea chini ya kifuniko cha shavu. Ukienda sokoni muombe muuzaji akufunulie shavu la samaki aitwaye changu. Utaona nyuzi nyekundu zimepangwa kama meno ya kitana, na kila uzi una vijikunjo vyembamba vilivyojaa damu. Ndani yake damu inaelekea upande mmoja na nje yake maji yanaelekea upande wa pili, vinapishana. Hapo ndipo uzuri wa jambo ulipo, maana kila mahali damu inakutana na maji yaliyo na oksijeni zaidi yake, basi inaendelea kuchota hadi mwisho wa njia. Kama vingekwenda pamoja, vingelingana katikati ya safari na uchotaji ungekoma.

Sasa rudi kwenye kikombe cha mafuta. Birika halibubujiki wala halina mawimbi; oksijeni yake mpya inaingia kwa juu tu, na mafuta yanafunika juu. Kisha sumu yake inafika kwenye yale matamvua laini. Sabuni nayo inayachubua vivyo hivyo, kwa hiyo usioge ukirudishia maji birikani, wala usichovye kata yenye povu.

Wengine huniuliza kuhusu chakula. Usiwape mkate. Mimi niliwapoteza wawili wakati wa kaskazi kwa huruma ya namna hiyo: makombo yalioza chini, na vijidudu vinavyoozesha vinatumia oksijeni ileile, tena maji yalikuwa ya moto, na maji yakipata joto yanashika oksijeni kidogo. Birika la ukubwa wa kawaida linatosha samaki watatu au wanne wadogo. Maji yenye klorini yalaze kwenye ndoo wazi siku nzima kabla ya kuyatia. Na maji ya kunywa hayataki samaki, yanataka mtungi na kitambaa safi cha kufunika.

Hata hivyo, samaki peke yao hawatoshi, nami nalisema hili kwa uzito. Mwaka 2004 homa ya mbu iitwayo chikungunya iliingia hapa kisiwani baada ya ukame, watu wakiwa wamehifadhi maji majumbani kwa muda mrefu, na vipimo vya damu vilivyofanywa baadaye vilionyesha kuwa karibu robo tatu ya wakazi waliambukizwa. Mbu anayeieneza hutaga mayai ukutani, juu kidogo ya maji, mahali mdomo wa samaki haufiki. Kwa hiyo kila wiki shusha maji, sugua zile kuta kwa brashi ngumu, usisubiri uone viluwiluwi.

Yule kijana alipata samaki watatu kwa jirani. Baada ya siku sita akanipigia tena: viluwiluwi wameisha, lakini alfajiri samaki wote wako juu, midomo wazi, kama wanaoomba. Nikamwambia wanatafuta ule utando wa juu uliogusana na hewa, huko chini pumzi imeshawabana. Achote maji kwa kata, ainue mkono juu kabisa, ayaachie yaanguke kwa kishindo, mara ishirini hivi, kisha abadilishe robo ya birika. Nilisikia kwenye simu maji yanaanguka, naye anahesabu. Alipofika kumi na saba akaniambia, "Shangazi, mmoja ameshashuka."