Kabla ya kurusha droni, jifunze kuchimba

Vijana wengi wanaoniomba ushauri kuhusu kazi za kilimo cha usahihi (kile kinachotumia vihisi na ramani kuhudumia kila sehemu ya shamba kulingana na mahitaji yake) huuliza kwanza wasomee wapi kurusha droni. Naelewa kinachowavuta. Lakini urushaji hufundishika kwa muda mfupi, na mashine za sasa karibu zinajiendesha zenyewe. Watu ninaowatafuta nisiwapate ni wale wa kuniambia picha ina maana gani.

Chukua ramani ya NDVI, yaani kipimo cha ukijani wa mimea kinachotokana na picha za angani. Hulinganisha mwanga mwekundu, ambao jani hunyonya, na wa infraredi, ambao jani hurudisha, ikatoa namba kati ya -1 na 1. Kiraka chenye namba ndogo kinakuonyesha mahali tu. Sababu huenda ikawa naitrojeni kupungua, maji kutuama, udongo kushindiliwa na matairi, au minyoo ya mizizi. Nimeona wengi wakikimbilia mbolea. Aliyefundwa vizuri huenda pale na koleo, akachimbua mche na kutazama mizizi. Je, imepinda ilipokutana na tabaka gumu? Kama ni maharage, vinundu vinabanduka kwa kidole? Vikibanduka, hayo ni makazi ya bakteria wenye faida. Uvimbe ukiwa ni wa mzizi wenyewe, shuku minyoo. Kisha anachimba upande wenye afya, apate cha kulinganisha. Ningeweza kumwajiri mtu kwa hilo peke yake.

Anayesahaulika zaidi kwenye mafunzo ni dereva wa kombaini, mashine ya kuvunia nafaka, na hilo linaniudhi. Ramani nzima ya mavuno, inayoonyesha kila sehemu ya shamba imetoa kiasi gani, inamtegemea yeye. Nafaka huchukua sekunde kadhaa tangu ikatwe hadi ifike kwenye kihisi kinachoipima ndani ya mashine. Muda huo usipowekwa sawasawa, mavuno yanaandikwa mahali pasipo pake. Akivuna kwa nusu ya upana wa kikatio bila kuiarifu mashine, shamba zuri litaonekana duni. Mwajiri, mfundishe kupima shehena kwenye mizani na kulinganisha uzito na ule wa kwenye skrini, tena kwa kila aina ya zao. Mweleze pia namba hizo zitatumika kuamua nini msimu ujao.

Wewe unayeanza, soma udongo na lishe ya mimea kwanza, halafu majedwali ya kompyuta na takwimu za msingi. Ukipata nafasi ya kujitolea msimu mmoja kwenye shamba lenye vihisi, omba upangwe na watu wa sampuli za udongo, hata kama wenzako wote wamejiandikisha kwa droni.