Mwaka wa kwanza chuoni: nikae wapi?

Barua nyingi tulizopokea msimu huu wa udahili zinauliza jambo moja, nalo ni makazi. Tumechagua tatu ambazo majibu yake huenda yakawafaa wengine.

Swali: Shikamoo Mshauri. Nimechaguliwa kujiunga na chuo kikuu na masomo yanaanza baada ya miezi miwili. Chuo kimenipa nafasi katika hosteli yake, chumba cha watu wawili, lakini mwenzangu wa chumbani simfahamu. Rafiki zangu wawili niliosoma nao sekondari wananishawishi tupange nyumba pamoja, mwendo wa saa moja kwa basi kutoka chuoni, kwa sababu kodi tukigawana ni ndogo kuliko ada ya hosteli na kila mmoja atakuwa na chumba chake. Mimi ni mkimya na hupenda kusoma peke yangu. Nichague lipi?

Jibu: Marahaba, mwanangu, na hongera sana. Ushauri wangu ni kwamba uipokee nafasi ya hosteli kwa mwaka huu wa kwanza, na suala la kupanga uliahirishe hadi mwaka wa pili, utakapokuwa umekifahamu chuo, umeijua ratiba yako na umeona ni watu gani unaweza kuishi nao.

Tuanze na fedha, kwa kuwa ndizo zinazowavutia rafiki zako. Kodi ya nyumba na ada ya hosteli hazilinganishwi moja kwa moja. Ada ya hosteli kwa kawaida hujumuisha maji, umeme, kitanda na meza, na mara nyingi hulipwa kwa miezi ya masomo tu. Nyumba ya kupanga hulipiwa hata wakati wa likizo ambapo hamtakuwamo, na kabla ya kuingia mtadaiwa amana, kisha mtanunua godoro, jiko na vyombo, na kila siku ya masomo mtalipa nauli mara mbili. Chukua karatasi uandike gharama zote za mwaka mzima, si za mwezi mmoja, kwa kila upande. Andika pia itakuwaje iwapo mmoja wenu ataacha masomo au kuhamia kwingine katikati ya mwaka, kwa maana kodi ya watu watatu itawaangukia wawili, na mikataba mingi humruhusu mwenye nyumba kuwadai waliobaki kodi yote.

Baada ya fedha, hesabu muda. Saa moja kwenda na saa moja kurudi, kwa siku 5 za wiki, ni saa 10. Katika muhula wa wiki 15 ni saa 150. Hata hivyo, hasara kubwa zaidi haimo ndani ya basi. Ratiba ya mwaka wa kwanza mara nyingi huwa na mapengo: una mhadhara saa mbili asubuhi na mwingine saa tisa alasiri. Anayekaa karibu hurudi chumbani, akala, akapumzika, akachukua daftari alilolisahau na kurejea darasani akiwa na nguvu. Anayekaa mbali hushinda chuoni na mzigo wake begani, na mhadhara wa mwisho unapokwisha, wenzake wanapokubaliana kukutana maktaba usiku kwa majadiliano, yeye huangalia saa na kukimbilia kituoni. Wiki ya kwanza hakuna anayeona tofauti. Kufikia mitihani, kikundi kimeshaundwa naye hayumo.

Hapo ndipo ukimya wako unapohusika, na ninakuomba unisikilize vizuri, kwa kuwa nadhani unaitumia tabia hiyo kama sababu ya kukaa mbali wakati ni sababu ya kukaa karibu. Mwaka 1950, Leon Festinger, Stanley Schachter na Kurt Back walichapisha utafiti kuhusu nyumba za wanafunzi wa chuo cha MIT nchini Marekani. Waliona kwamba urafiki ulifuata milango: miongoni mwa watu ambao vyumba vyao vilipakana, asilimia 41 walitajwa kuwa marafiki wa karibu, ilhali kwa waliokaa ncha mbili za ujia uleule ilikuwa asilimia 10 tu. Mchangamfu atapata marafiki hata akikaa mbali, kwa sababu huwafuata watu walipo. Mkimya huwapata pale anapokutana na sura zilezile kila siku bila kulazimika kujitambulisha upya, iwe bombani, ngazini au kwenye foleni ya bafu. Wala hosteli haitakunyang'anya utulivu wa kusoma peke yako, kwani maktaba itakuwa mwendo wa dakika chache tu.

Kuhusu mwenzako wa chumbani, wasiwasi wako una msingi. Mwaka 2001 mwanauchumi Bruce Sacerdote alichapisha utafiti uliofanyika katika chuo cha Dartmouth, ambako wanafunzi wa mwaka wa kwanza walipangiwa vyumba kwa bahati nasibu, akaonyesha kwamba wanaolala chumba kimoja huathiriana katika alama za masomo, ingawa hawakuathiriana katika kuchagua fani. Kwa hiyo, usiku wa kwanza au wa pili, kabla hamjakwazana, zungumzeni kwa adabu: taa izimwe saa ngapi, wageni waje siku zipi, simu zipokelewe wapi, nani afagie lini. Ukisubiri hadi ukasirike, mazungumzo hayo yatageuka kuwa ugomvi. Iwapo hamtaelewana kabisa, mwone msimamizi wa hosteli mapema katika muhula, wakati nafasi za kubadilisha vyumba bado zipo.

Ningekushauri vinginevyo kama ungekuwa na mtoto wa kulea, kazi ya usiku au hali ya kiafya ambayo hosteli haiwezi kuihudumia. Hukutaja lolote kati ya hayo.

Swali: Ndugu Mshauri, mdogo wangu anaishi karibu na chuo alichopangiwa binti yangu na amejitolea kumkaribisha bila malipo. Binti anasita, nami siwezi kulipia hosteli bila kukopa. Je, nimlazimishe?

Jibu: Ndugu yangu, usimlazimishe, lakini pia usiipuuze nafasi hiyo, kwa kuwa kuepuka deni ni jambo kubwa. Muulize kwanza anasita kwa sababu gani, na umuulize mkiwa wawili tu. Huenda anaogopa kukosa uhuru, na huenda kuna jambo kuhusu nyumba hiyo ambalo hajawahi kukueleza. Likiwa ni hilo la pili, mjadala uishie hapo na mtafute njia nyingine.

Kama ni suala la uhuru, kaeni pamoja na mdogo wako kabla binti hajahamia. Nyumba isiyo na kodi mara nyingi hulipiwa kwa kazi, na hakuna ubaya wowote katika kusaidia kazi za nyumbani. Ubaya ni pale mwanafunzi anapogeuzwa yaya na mpishi wiki ya mitihani, akashindwa kusema kwa kuwa anakaa bure. Kubalianeni ana kazi gani na kwa muda gani, atasomea wapi, na itakuwaje akichelewa kurudi kwa sababu ya maktaba. Wekeni pia kipindi cha muhula mmoja, kisha mzungumze tena, ili akitaka kuhama pasiwe na mtu atakayejiona ametukanwa. Katika kikao hicho binti aseme mwenyewe, wewe usimsemee.

Swali: Nimekosa hosteli. Dalali amenitumia picha za chumba kizuri na anataka nitume amana leo kwa simu, la sivyo atampa mwingine. Niko mbali, siwezi kwenda kukiona. Nitume?

Jibu: Usitume. Haraka hiyo ndiyo inayotumiwa na matapeli, kwa kuwa picha za chumba mtu yeyote anaweza kuzichukua popote. Wasiliana na ofisi ya wanafunzi ya chuo chako uulize kama wana orodha ya nyumba wanazozifahamu, au mwombe mtu unayemwamini aende kukiona na kuonana na mwenye nyumba mwenyewe. Ikishindikana, tafuta pa kufikia kwa wiki ya kwanza, kisha ukague vyumba ukiwa huko. Fungua bomba uone kama maji yanatoka, jaribu kufuli kwa ndani, uliza majirani umeme hulipwaje, na tembea njia ya kutoka chuoni saa ileile ambayo mhadhara wako wa mwisho utakuwa unakwisha. Ukiridhika, usilipe kabla ya kusoma mkataba wote, na udai risiti ya kila unacholipa. Siku ya kuingia, piga picha za kuta, madirisha na mlango, umtumie mwenye nyumba siku hiyohiyo, ili wakati wa kuondoka usikatwe amana kwa uharibifu uliokuta umeshafanyika.