Kompresa ya kuanza kuchora glasi

Bro, hiyo kompresa ya kujaza tairi unayouliza haitoshi kuchorea glasi kwa kupuliza punje za mchanga kwa presha ya hewa, hewa itaisha ukiwa katikati ya herufi na utaona mstari umefifia. Tafuta ya mtumba ya lita 50 kwenda juu na bunduki ya kufyonza (inayovuta punje yenyewe na kuzipuliza kwenye glasi), presha PSI 30 hadi 40 inatosha kabisa, ukizidisha stika unayobandika kwenye glasi kuacha umbo la herufi inang'oka. Kabati la kupulizia ndani usinunue, mafundi wa jua kali hapo soko la Kibuye, Kisumu, watakuundia boksi la mbao lenye dirisha na glavu. Lakini tafadhali usitumie mchanga wa ziwa, vumbi la silika linaua mapafu na hayaponi tena, nunua aluminiamu oksaidi, punje ngumu za kupulizia badala ya mchanga, hiyo unachekecha unaitumia tena. Na maski iwe ya filta, ya kitambaa haisaidii.